Mhariri, utosi wa mtoto sio wa kuchomwa sindano

Mhariri salaam, mimi ni mama wa viazi hapa Mwanjelwa, Mbeya, gazeti lenu nalisoma kwa jirani yangu wa duka la mbegu kila linapofika, na wiki mbili zilizopita mliweka nusu ukurasa kuhusu sindano ya Kichina ya utosini, mkaandika kwamba sindano moja tu pale juu ya kichwa inamaliza presha, kisukari, kiharusi, kifafa na ugumba. Nimeisoma mara tatu. Wiki hiyo hiyo gari la matangazo limepita sokoni na spika lake likisema karibu maneno yale yale, na wenzangu wa mezani wameanza kuulizana ni wapi na ni shilingi ngapi. Naomba na mimi nafasi, sababu hiyo sindano naijua, nimechomwa mwenyewe na ikanisaidia, alafu pia nimeshuhudia mtoto akikaribia kufa mikononi mwa mtu aliyejidai anaijua, kwahiyo siandiki kwa kuichukia tiba ya Wachina.

Nianze na kichwa changu. Kwetu ni Uporoto, upande wa Isyonje, huko viazi ndo maisha, na mimi nilianza kubeba debe kichwani nikiwa na miaka kama tisa, ngata ya kitenge kilichochakaa, asubuhi na umande na ile baridi ya mwezi wa saba inayokata masikio, kutoka shambani mpaka barabarani malori yanaposimama. Nimebeba hivyo miaka na miaka, na watoto mgongoni juu yake. Sasa miaka ya karibuni kichwa kikawa kinanibana, sio kupwita upande mmoja, ni kubana kote kama mtu amenizungushia kamba akaikaza, asubuhi naamka nacho jioni nalala nacho, nikawa mtu wa vidonge vya maumivu viwili asubuhi viwili jioni kila siku ya Mungu. Hospitali walinipima presha, wakaangalia macho, wakachukua damu, mwisho wakaniambia mama hiki ni kichwa cha misuli kukaza na mawazo, na vidonge hivi ukivimeza kila siku miezi inapita navyo vinaanza kukuletea kichwa. Hilo la vidonge lilinishtua maana sokoni hapa tunagawana kama karanga.

Marehemu dada yangu ameniachia mtoto wa kiume, daktari, amesomea China, yuko Dar es Salaam. Nilipomweleza akaniambia, "Mamdogo, njoo ukae kwangu wiki sita, punguza hivyo vidonge kama walivyokwambia, na nitakupeleka kwa mtu mwenye cheti ufanyiwe akupancha, hiyo tiba ya sindano ya Kichina, tuone." Mimi woga ulinishika. Baba mkwe wangu alifanya kazi reli ya TAZARA ile inajengwa, 1970 mpaka 1975, na alikuwa anatusimulia jioni jinsi daktari wa Kichina kambini alivyokuwa anachoma watu sindano kwenye goti na kichwani, wakawa wanatoka wanacheka, sisi watoto wa nyumba ile tulidhani ni hadithi za mzee. Nikaenda.

Sasa naomba mnisikilize hapa kwenye kuitafuta hiyo nukta, maana ndo hapa nilipoelewa mambo. Yule mama daktari alinikalisha kwenye kiti, akanikunja masikio yote mawili kwa mbele, akapandisha kidole kutoka ncha ya sikio hili na kingine kutoka ncha ya sikio lile mpaka vikakutana juu katikati ya kichwa. Akabonyeza. Pana kibonde kidogo pale, hata wewe unayesoma jaribu utakisikia. Alafu akahakikisha kwa kupima, wana kipimo chao wanaita cun, ambacho ni upana wa kidole gumba, lakini sio gumba la daktari, ni gumba la mgonjwa mwenyewe, kila mwili una futi yake. Kutoka nywele zinapoanzia kwenye paji la uso mpaka zinapoishia kisogoni wanahesabu cun 12, na hiyo nukta iko 5 kutoka mbele na 7 kutoka nyuma. Mhariri, pale alipoweka kidole ndo pale pale ngata yangu ilipokaa miaka yote. Nilikaa kimya nikamuona mama yangu, nikawaona wanawake wote wa kwetu wanaoshuka na ndoo na debe na kuni, mzigo wote umekaa hapo juu ya nukta moja. Machozi yalinitoka, yule mama akadhani ameniumiza na hata sindano alikuwa hajaitoa.

Sindano yenyewe haina dawa ndani, sio ya kuchoma maji, ni kipande cha chuma chembamba kinachokaribia unywele. Aliichana mbele yangu kwenye pakiti yake mpya, akailaza, akaipitisha chini ya ngozi ya kichwa kwa ubapa, haiendi wima kwenda kwenye fuvu. Nilisikia kama chungu ameuma, baada ya hapo uzito, ganzi fulani. Akaweka na nyingine shingoni na mikononi, nikaachwa dakika kama 30, akazitoa zote akazitupa kwenye boksi la taka za sindano, hakuna iliyorudi kwenye bakuli. Nilikwenda mara nane. Kichwa hakikuisha siku ya kwanza wala ya pili, ila kufikia wiki ya tano nilikuwa napata siku tatu nne mfululizo bila kubanwa, na mpaka leo kinakuja mara mojamoja tu. Je ni sindano, ni kupunguza vidonge, ni zile wiki sita za kutobeba kitu? Mimi naamini ni vyote kwa pamoja, na sitakubali mtu anitumie kama tangazo la sindano peke yake.

Jioni nyumbani nilikuwa namuuliza kijana wa dada maswali mpaka anachoka. Hiyo nukta inaitwa Baihui. Bai ni mia, hui ni kukutana, yani mahali mia wanapokutana. Wachina wa zamani waliona mwilini zinapita njia za nguvu wanayoita qi, na njia moja kubwa inapanda kwenye uti wa mgongo, inapita juu ya kichwa na kushuka mpaka mdomo wa juu, na kwenye njia hiyo Baihui ni nukta ya 20. Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 lilitoa kitabu cha kuonyesha mahali pa nukta 361 za mwili mzima ili watu wa nchi tofauti wasichome sehemu tofauti kwa jina moja, na Baihui imo. Sasa angalieni mchezo ulipo: jina linasema mia hukutana, na lile gari la spika linasema inatibu magonjwa mia. Sio kitu kimoja! Sisi wa nyanda za juu tunaijua Makambako, pale njia ya Iringa, ya Mbeya na ya Njombe kwenda Songea zinakutana, na reli nayo inapita, lakini ukishuka Makambako hujafika Songea, umefika Makambako. Bado una safari na bado unahitaji gari zima na dereva anayejua njia.

Na mnajua nani alikataa kuuza uongo huu kabla yetu sote? Ni Mchina mwenyewe. Kuna mganga wao wa kale sana anaitwa Bian Que, habari zake ziliandikwa na mwanahistoria Sima Qian zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Inasimuliwa alipita kwenye himaya ya Guo akakuta mtoto wa mfalme ametangazwa amekufa, watu wako kwenye matambiko. Akauliza maswali, amekufa saa ngapi, mapaja bado yana joto, masikio yanavuma. Akasema huyu hajafa. Akamwambia mwanafunzi wake anoe sindano, wakamchoma kwenye nukta ya juu inayotajwa pale kwa jina la yang tatu na makutano matano, ambayo wengi waliokuja baadaye wanasema ndo hii hii Baihui, wakamkanda kwa moto ubavuni, wakampa na dawa ya kunywa siku 20. Akapona. Dunia nzima ikaanza kusema Bian Que anafufua wafu. Yeye akajibu kwamba hawezi kufufua mfu, huyu alikuwa wa kuishi, yeye amemsaidia tu kuinuka. Nimeipenda sana hiyo mpaka nimemwomba kijana aniandikie kwenye karatasi, ninayo kwenye kibubu cha mezani. Mtu mwenye sindano yake, amesifiwa na nchi nzima, anakataa sifa asiyostahili, na hapa kwetu mtu amejifunza kwa video anatangaza anatibu kisukari.

Kuna na mfalme wao mwingine, Gaozong wa enzi ya Tang, mwaka 683 kichwa kilimzidi mpaka haoni, daktari wake akataka kumtoboa kichwani pale Baihui na sehemu nyingine ya kisogoni damu kidogo itoke. Mke wake Wu akaja juu akasema kutoboa kichwa cha mfalme ni kosa la kukatwa kichwa, ila mfalme mwenyewe akaruhusu, akatobolewa, akasema macho yameona. Hiyo ndo sehemu wanayopenda kusimulia waganga. Wanachoruka ni kwamba mwaka ule ule haukuisha, mfalme akafariki. Nafuu ilikuja kweli, ugonjwa haukuondoka.

Kwahiyo kwenye kichwa kinachobana kama changu, kijana anasema mwaka 2016 watafiti wa Cochrane, wale wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, walikusanya majaribio 12 yenye watu zaidi ya 2,300, wakaona wanaochomwa siku zao za kuumwa kichwa zinapungua, japo tofauti kati ya sindano ya kweli na ile ya kuigiza ni ndogo. Uingereza mwongozo wao wa 2012 unaruhusu daktari kupendekeza mpaka vipindi 10 kwa kichwa cha aina hii. Hiyo ni kauli ya watu wazima, kitu kidogo chenye ushahidi wake, kwa ugonjwa wake. Presha sio hapo. Kisukari sio hapo. Mzee wetu mmoja hapa soko la jirani ameshaanza kuacha vidonge vya presha anasubiri hela ya sindano itimie, na presha haisikiki kichwani kama watu wanavyodhani, unaweza kuwa mzima unacheka na mshipa unapasuka. Namuomba popote alipo arudi kwenye dozi yake leo.

Sasa nifike kwa mtoto, ndo kilichonifanya nishike kalamu.

Wachina wana mawazo kwamba Baihui kwa kuwa iko juu kabisa, inanyanyua vitu vilivyoshuka chini. Mtu mzima aliyetokwa na utumbo wa haja kubwa, mama ambaye kizazi kimeshuka, wanaweza kumchoma pale juu au kumkanda kwa joto la majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga yanayofuka moto, wanayaweka karibu na utosi bila kugusa. (Kina mama wenzangu mliojifungua na wiki ya pili mko na debe kichwani, kizazi kikishuka nendeni kwa daktari wa wanawake, kuna mazoezi, kuna pete ya kushikilia, kuna upasuaji, msikae na aibu nyumbani miaka kumi.) Hayo ni mawazo yao na kwa watu wazima. Lakini mtu fulani huku kwetu, simtaji, alilisikia hilo neno la kunyanyua akaliunganisha na jambo letu la utosi wa mtoto kubonyea. Mnajua sisi tulivyolelewa, mtoto akiharisha utosi ukazama, bibi anasema mtoto anaumwa utosi, anapakwa dawa ya majani pale juu, wengine wanachanjwa chale na wembe. Mjukuu wa jirani yangu, miezi minane, aliharisha na kutapika tangu Ijumaa, Jumapili utosi umezama kama kisahani, wakampeleka kwa huyo mtu. Akawaambia utosi umeanguka, ana sindano ya Kichina ya kuunyanyua. Akamchoma palepale kwenye laini. Elfu kumi na tano. Akawaambia warudi Jumatatu achome tena, na wasimpe maji mengi yatamzidishia kuhara.

Mhariri, utosi wa mtoto wa miezi minane chini ya ngozi hakuna mfupa. Fuvu halijafunga, mpaka miezi 12 hadi 18 hivi, wengine linachelewa mpaka karibu miaka miwili, chini yake ni utando na ubongo. Yule mama daktari wa Dar nilimuuliza baadaye akatikisa kichwa, akasema kwenye tiba yao wenyewe hilo ni katazo, mtoto ambaye utosi haujafunga hachomwi pale. Na utosi haukuanguka, ulizama kwa sababu mtoto ameishiwa maji mwilini. Ni alama tu, sawa na tangi likipungua maji na boya linashuka, ukilivuta boya juu kwa mkono maji hayaongezeki. Dawa yake ni maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ORS, kijiko kwa kijiko, na zinki, na ziwa la mama, na ukiona hakojoi, analia bila machozi, mdomo mkavu, analegea, unakimbia zahanati usiku huo huo. Na ukiona utosi umefura badala ya kuzama na mtoto ana homa, hapo ndo usisubiri hata dakika, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo.

Mimi niliingia pale Jumatatu asubuhi kuchukua gunia, nikamkuta mama wa mtoto amekaa mlangoni na mtoto macho yameingia ndani, kope haziungani. Nilimbana ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Sikuuliza, nilimchukua na kanga yangu, bodaboda, hospitali. Walitafuta mshipa wakaukosa mkononi, wakaukosa mguuni, wakampata mara ya nne, na yule muuguzi jasho linamtoka na baridi yote ya Mbeya. Alilazwa siku sita. Walimpa na dawa za kuzuia maambukizi kwa sababu ya ile sindano ya kichwani ambayo hakuna aliyejua ilimchoma nani kabla yake. Bibi yake alikuwa analia anasema "mimi ndo nimempeleka, mimi ndo nimeshika kichwa." Nilimwambia mama usijilaumu, wewe ulitafuta uzima kwa mtu aliyekuahidi uzima. Lakini yule aliyechoma mpaka leo yuko, amehama tu mtaa.

Ndo maana ile nusu ukurasa yenu iliniuma. Gazeti likiandika, kwetu huku linakuwa ushahidi, mtu anakata kile kipande anakibandika ukutani kwenye chumba chake cha kutibia, na nimekiona kimebandikwa. Nchi hii ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na ina Baraza lake, anayetoa tiba mbadala anatakiwa asajiliwe, yeye na mahali anapotolea. Mwandishi wenu angeanza na swali moja tu, cheti kiko wapi. La pili, sindano ni mpya na inafunguliwa mbele ya mgonjwa? La tatu, anamwambia mgonjwa aendelee na dozi ya hospitali au aiache? Tulipigia kelele kukata kimeo mpaka watu wengi wakaelewa, hili nalo tulipigie kelele mapema kabla halijazoeleka.

Na msiende upande wa pili mkaandika kwamba mambo ya Wachina yote ni ushirikina, sitaki barua yangu itumike hivyo. Dawa mseto ya malaria tunayowapa watoto wetu ina kitu kilichotoka kwenye mmea wa hao hao, mama mmoja Tu Youyou alikipata kwa kusoma vitabu vya tiba vya kale vya kwao, alafu akakipima, akakijaribu na yeye mwenyewe akakinywa kwanza, na mwaka 2015 akapewa Nobel. Alikipima, Mhariri. Mwandishi wenu kapima nini?

Naomba mrudie ile habari, nusu ukurasa kama ile ile na mahali pale pale, sio mistari miwili chini ya matangazo ya vifo. Semeni Baihui ni nini, iko wapi, inasaidia nini kidogo, haisaidii nini, na muandike kwa herufi kubwa kwamba mtoto ambaye utosi haujafunga asiguswe na sindano wala wembe wa mtu yeyote. Mkitaka mtu wa kuongea naye njooni Mwanjelwa upande wa viazi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi nipo, bibi wa mtoto naye amesema yuko tayari kuongea ila jina lisiandikwe.

Mtoto sasa anatembea, anakuja mezani kwangu kuchukua viazi vidogo anavipanga chini. Juzi nilimpakata nikampitisha kiganja juu ya kichwa, pale kwenye laini pamefunga, pagumu kabisa, na kikovu kidogo kama punje ya ulezi kimebaki, nywele hazioti hapo.

Mama wa viazi,
Mwanjelwa, Mbeya